Gita la besi la nyuzi tano Ibanez SR305E: mwaka na miezi miwili nayo, na begi la akiba lililotokana na aibu ya ukumbini

Wadau habari zenu. Kuna watu kama wanne hivi niliwaahidi nitaandika kuhusu hii besi na kila siku nasema kesho, sasa leo mvua imeshika tangu alfajiri, mazoezi yameahirishwa, nimekaa na chai ya tangawizi nikaona bora nimalize deni. Ni ndefu, na sio yote ni habari ya besi, nusu yake ni habari ya vitu vya akiba kwasababu huko ndo nilikoumia.

Mimi nimepiga nyuzi nne miaka kumi na moja. Jumapili kanisani, Ijumaa na Jumamosi bendi ya harusi na sendoff, katikati ya wiki mara mojamoja hotelini tunapiga polepole watu wanakula. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nawacheka wenye nyuzi tano, nawaambia uzi wa tano ni wa kupumzishia dole gumba. Na kwa baadhi yao kweli ni hivyo, nimemuona mtu anapiga shoo nzima hajaugusa hata mara moja.

Kilichonibadilisha ni mwimbaji wetu. Dada anaimba vizuri sana lakini sauti yake imekaa kwenye ki (ngazi ya wimbo) ya E flati na D flati, ukimpeleka E anakunja sura, ukimshusha D anasema leo mnanizika. Sasa anayepiga besi anajua shida iko wapi. Nyuzi nne zinaishia E, uzi mtupu yani bila kuweka kidole, hakuna kitu chini yake. Wimbo ukiwa E flati, nusu hatua chini ya E, inabidi ukaitafute noti ya nyumbani kwenye uzi wa A, freti (vile vyuma vya shingoni) ya sita, huko juu. Yani wimbo unatua, ngoma inatua, kwaya inatua, wewe mpiga besi unapanda ngazi. Halafu mpiga kinanda wetu, ambaye ni rafiki yangu lakini ana mdomo, anashuka na mkono wa kushoto anaziba lile pengo, wimbo ukiisha ananiuliza kwenye maiki, "Kaka, nikusaidie tena huko chini?" Ukumbi mzima unacheka. Mara ya kwanza nilicheka na mimi. Mara ya tano sikucheka.

Na ukifuatilia utakuta hata wenzetu waliotutangulia walisukumwa na hichohicho kinanda. Kampuni ya Fender walitoa besi ya Precision mwaka 1951 ikiwa na nyuzi nne kama kontrabesi, ile kubwa ya kusimamisha. Mwaka 1965 wakatoa Bass V ya nyuzi tano lakini uzi walioongeza ulikuwa wa juu, C, sio wa chini, na haikupata watu wengi. Uzi wa B chini ulianza kuonekana miaka ya 70, mpiga besi Jimmy Johnson alitengenezewa yake na kampuni ya Alembic mwaka 1976, lakini kilichoifanya isambae ni sintesaiza za miaka ya 80, vinanda vikawa vinashuka chini kuliko besi, wapiga besi wakaanza kukosa kazi za studio. Music Man StingRay ya nyuzi tano ikatoka 1987 na baada ya hapo kila kampuni ikawa nayo. Kwahiyo nikasema basi, sio mimi peke yangu niliyedhalilishwa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda.

Kununua sasa. Kariakoo nilizunguka siku mbili. Kuna moja isiyo na jina la kueleweka, bei nzuri, inang'aa, nikaiunganisha kwenye spika ya dukani nikapiga uzi wa B, ukatoa sauti ya kamba ya kuanikia nguo ikipigwa na upepo. Hauna noti, una mtikisiko tu. Hapo ndo nikajifunza kwamba besi ya nyuzi tano inapimwa kwa uzi mmoja, wa tano, hizo nne nyingine karibu kila besi inazo. Ukienda dukani usianze na G wala usianze kujionyesha kwa slapu (kugonga uzi kwa dole gumba), piga B mtupu, halafu freti ya 5 ya B ulinganishe na E mtupu. Noti ni ileile, zitatofautiana kidogo sauti lakini zikionekana kama ndugu, chukua. Zikionekana kama hawajuani, rudisha ukutani.

Nilijaribu pia Yamaha TRBX305 ya jamaa wa bendi nyingine, ni besi nzuri, nzito kidogo kwa bega langu, ina ile swichi ya kuchagua sauti zilizopangwa tayari (slapu, kidole, solo na nyingine) ambayo kuna watu wanaipenda na mimi sikuipenda kwasababu sipendi kitu kinichagulie. Hayo ni ya kwangu, msinishambulie.

Mwisho nikapata Ibanez SR305E kwa mpiga besi aliyekuwa amerudi kutoka mkataba wa hoteli Dubai, anataka hela ya kumalizia banda la kuku. Imetumika lakini imetunzwa. Tukakubaliana laki nane na nusu pamoja na begi lake laini na seti moja ya nyuzi ambayo haijafunguliwa. Mpya wakati huo nilikuwa naambiwa milioni na laki tatu kwenda juu kutegemea nani anakuletea na anakuja lini, na hiyo "anakuja lini" ndo iliyonifanya nichukue iliyotumika.

Kwanza kabisa ni nyepesi na nyembamba. Hizi SR mwili wake umechongwa mwembamba, shingo nyembamba, na kwa mtu anayetoka nyuzi nne hilo linasaidia sana kwasababu unachoogopa ni shingo pana. Pale juu karibu na vigingi upana ni milimita 45, mkono wangu sio mkubwa na nilizoea ndani ya wiki. Urefu wa uzi ni inchi 34 za kawaida. Wapo wanaosema B bila inchi 35 sio B, ni kweli 35 inakaza uzi zaidi, ila nimepiga hii mwaka mzima na B yake inasikika noti, siyo mngurumo, ili mradi nyuzi ziwe mpya na ziwe za unene unaofaa, 130 kule chini mpaka 45 kule juu (ni elfu za inchi). Ukiweka B ya 125 kwasababu ni rahisi kidoleni utaona uzi unaanza kulegealegea.

Kwenye briji, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini, nafasi kati ya uzi na uzi ni milimita 16.5. Hapo ndo pana ugomvi. Kwa vidole viwili ni raha, unakimbia. Kwa slapu ni shida, dole gumba langu lilizoea nafasi ya besi ya zamani, likawa linatua nyuzi mbili kwa pamoja. Bado mpaka leo slapu yangu kwenye hii besi ni ya kuombea. Kama kazi yako ni slapu, slapu, slapu, tafuta yenye nafasi kubwa zaidi kabla hujatoa hela.

Sauti: ina nobu za besi, kati na juu, ina nobu ya kugawa pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) ya mbele na nyuma, na kuna swichi ndogo ya hatua tatu. Moja nene, moja nyembamba kama besi ya Fender Jazz, moja ni ile nyembamba lakini wameiachia sauti yake ya chini. Mimi nakaa kwenye hiyo ya mwisho karibu muda wote. Kwenye sebene naihamishia nyembamba kabisa na napandisha kati, maana besi ya sebene sio ya chini, ni ya kurukaruka, inatakiwa igonge kama ngoma yenye noti. Msikilize mpiga besi Ngouma Lokito kwenye mambo ya bendi ya Soukous Stars, huyo mtu hakuwa anatafuta ngurumo, alikuwa anaongea. Kwahiyo mwenye kununua nyuzi tano akidhani ndo atapiga sebene vizuri zaidi, hapana. Sebene utapiga vilevile ulivyokuwa unapiga.

Kujifunza kulinitesa kuliko nilivyotegemea. Wiki tatu nyumbani nikajiona nimeiva, nikaipeleka kwenye sendoff. Wimbo wa pili, ki ya G, taa zimezimwa za jukwaani kwasababu bibi harusi anaingia, nikaweka kidole freti ya tatu uzi wa juu kabisa kwa kuutazama, ule mnene, kama mkono ulivyozoea miaka kumi na moja. Uzi wa juu kabisa sasa ni B, sio E. Freti ya tatu ya B ni D. Ubaya ni kwamba D ndani ya kodi (noti zinazolia pamoja) ya G sio kosa la kupiga kelele, inakaa, kwahiyo sikushtuka, nikaendelea. Kodi ikaenda C, mimi nikaenda G. Nayo inakaa. Nikapiga karibu ubeti mzima bendi ikiwa na besi inayoning'inia, kila mtu anahisi kuna kitu hakijakaa na hakuna anayejua ni nini, mpiga solo ananiangalia, namuangalia, mpaka ikaja kodi ya E minor na mimi nikatua B huko shimoni, hapo mpiga dramu akanyanyua kichwa. Nilitokwa jasho.

Dawa niliyotumia, nilibandika kipande cha plasta ya kidonda nyuma ya shingo, usawa wa freti ya tano, dole gumba la kushoto likigusa plasta najua niko wapi. Na nikajilazimisha mwezi mzima kuanzia kila wimbo kwenye B freti ya 5 badala ya E mtupu. Hapo ndo siri ya nyuzi tano ilipofunguka, na ningeambiwa mapema ningehama zamani. Uzi wa B sio wa noti za chini tu. Noti za chini kabisa, zile za D na C, nazitumia labda mara sita kwenye wimbo na wimbo mwingine sizigusi. Faida kubwa ni kwamba huna haja ya kukimbia. F iko freti ya 6 ya B, G iko freti ya 8, mkono umekaa katikati ya shingo ki yoyote inakuja hapohapo, haina uzi mtupu ndani yake kwahiyo mpiga kinanda akibonyeza kitufe chake cha transpozi, cha kuhamisha ki, katikati ya wimbo (wanafanya hivyo, hawaombi ruhusa) unahama freti moja na umbo linabaki lilelile. Kanisani ambako mchungaji anaanzisha wimbo kwa ki ya Roho Mtakatifu, hii imeniokoa zaidi kuliko noti zote za chini.

Na kuzuia kelele. Uzi wa B unaimba wenyewe ukiugusa hata kwa hewa, ukipiga A kwa nguvu B inaitikia chini kwa chini na fundi mitambo anaanza kukulaumu. Dole gumba la kulia lisikae limeegemea pikapu kama zamani, liteleze, ukienda nyuzi nyembamba lenyewe linalala juu ya B na E linazifunga mdomo. Hili lilinichukua miezi miwili. Hakuna nobu ya kulitatua.

Kuna kitu kingine watu hawaelewi kuhusu spika. B mtupu ni hezi (mitikisiko kwa sekunde) 31 hivi, E ni 41. Spika nyingi za besi tunazozikuta kumbini, na hasa zile kombo (ampu na spika boksi moja) za inchi 10 au 12, hazitoi hezi 31 hata ukiziombea, zinajaribu tu, koni inaenda mbele na nyuma, nguvu inaliwa bure, sauti haitoki. Unachosikia kama B kwa kweli ni noti ya juu yake, hezi 62. Mimi mwanzoni nikawa napandisha nobu ya besi nikisema haisikiki chini, kadiri ninavyopandisha ndo inazidi kupotea. Mzee mmoja fundi mitambo, ameanza kazi enzi za spika za mbao wanachonga wenyewe, akaja jukwaani bila kusema neno, akashusha nobu ya besi kidogo chini ya katikati, akapandisha ya kati, akarudi kwenye mikisa yake. B ikatokea. Wimbo ulipoisha akaniambia, "Kijana, sikio linamalizia lenyewe." Tangu siku hiyo sijapandisha nobu ya besi ya hii gita kupita katikati.

Haya, sasa aibu yenyewe.

Besi hii inatumia betri ya volti 9, na haina njia ya kupiga bila betri. Betri ikifa, besi imekufa. Nilijua. Kitu nilichojua lakini sikukitilia maanani ni kwamba ukichomeka jeki ya waya tu, hata hujapiga, betri imeanza kuliwa. Alhamisi tulifanya mazoezi, nikaegesha besi kwenye stendi jeki ikiwa ndani, nikaenda nyumbani. Ijumaa yote imekaa hivyo. Jumamosi harusi, ukumbi Sinza, watu wamejaa, maharusi wanaingia, E flati, wimbo uleule nilionunulia besi hii. Nashuka freti ya 4 ya B kwa mbwembwe, sauti ikatoka nzuri, ya pili ikatoka na mikwaruzo kama redio iliyotoka stesheni, ya tatu kama mtu anakohoa, halafu kimya. Nikadhani waya. Nikabadilisha waya mbele ya kamera ya video. Kimya. Emsii anasema "tuwapokee kwa shangwe" na mimi nimepiga magoti nyuma ya spika nafungua kasha la betri kwa sarafu.

Nani aliyeniokoa? Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Alipiga besi nyimbo nne mpaka kijana wa jikoni alipotumwa na bodaboda akarudi na betri, na hiyo betri yenyewe alizunguka maduka manne. Baada ya shoo jamaa hakusema chochote, alinigonga bega tu akaondoka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko angesema.

Ndo nikaanza kutafuta vitu vya akiba, na hapa nilikaribia kuharibu hela kwanza. Wazo la haraka lilikuwa kununua besi nyingine ya nyuzi tano kama hii. Nikawa natafuta hadi nikakaribia kutoa kianzio, mpaka mpiga dramu akaniuliza swali moja, "Na hiyo nayo ya betri?" Nikasema ndio. Akacheka. Yani nilikuwa nanunua mgonjwa wa pili mwenye ugonjwa uleule.

Kwahiyo nikageuza. Kila kitu cha akiba nilikipima kwa swali hilohilo, kile cha kwanza kikifa, hiki kitakufa kwa sababu hiyohiyo? Ikiwa jibu ni ndiyo, sinunui.

Besi ya akiba ikawa ile ya zamani, nyuzi nne, haina betri, imekuwa imelala juu ya kabati. Badala ya kuitia nyuzi zake za kawaida nilinunua seti ya nyuzi tano, nikatoa G nikaiweka pembeni, nikaweka zile nne za chini. Inasoma B, E, A, D. Fundi wa magita alichonga pale kwenye mfupa wa juu, unaobeba nyuzi karibu na vigingi, maana uzi wa 130 haukai kwenye mfereji uliochongewa 105, akarekebisha shingo, akarudisha nyuma kile kishikio cha briji cha uzi wa B mpaka ikabidi atoe springi yake ndo noti ikakaa sawa freti ya 12. Elfu thelathini na tano kazi yote, nusu siku. Unapoteza uzi wa G, ndio, na kuna mapambo ya juu siwezi kuyapiga, lakini akiba haihitaji mapambo, inahitaji E flati ya chini na isijue betri ni kitu gani. Tena vidole havichanganyikiwi, uzi wa juu kabisa ni B kwenye zote mbili. Huu ndo ushauri wangu mkubwa kwa mtu anayehama, usiuze nyuzi nne yako, ibadilishe.

DI, kile kiboksi cha kukufikisha kwenye mikisa ya ukumbi. Kumbi nyingi tunazopiga wana mitambo yao, unachohitaji ni kufika kwenye mikisa. Nina kiboksi cha DI cha transfoma, hakitumii umeme wowote, kizito kama tofali dogo, gita linaingia huku na waya wa kanoni (kama wa maiki) unatoka kule. Besi ya betri ikikutana na DI isiyo na umeme hakuna tatizo, ishara yake ina nguvu. Besi ile ya zamani isiyo na betri ndo ingependa zaidi DI ya umeme, kwenye hii yangu sauti yake ya juu inapungua kidogo, nimekubali. Niliazima pia SansAmp Bass Driver ya Tech 21 wiki mbili, ile ni DI na inatengeneza sauti ya ampu kwa pamoja, na uzuri wake inaweza kula umeme wa fantomu kutoka kwenye mikisa kwahiyo betri sio lazima. Nilipenda kuirudisha? Hapana. Bei yake ilinirudisha. Mwenye bajeti ndogo kuna Behringer BDI21 ambayo mpangilio wa nobu unafanana, ganda lake ni la plastiki, kanisani ambako haikanyagwi na mtu imekaa salama, kwenye harusi ambako watoto wanapanda jukwaani sijaithubutu.

Zoom B1 Four, kiboksi cha kukanyaga cha madoido ya sauti, ninayo na kazi yake imekuwa tofauti na nilivyodhani. Nilinunua kwa ajili ya madoido, sasa naitumia kutyuni na kufanya mazoezi usiku kwa hedifoni. Haina kanoni, lazima uipitishe kwenye DI. Lakini inakula betri nne za AA, na hili msilipuuze, AA utazipata kwa Mangi yeyote hata saa sita usiku, ya volti 9 utazunguka kama yule kijana wa bodaboda. Plastiki nayo, nyepesi, inahamahama sakafuni ukiikanyaga, nimeibandika chini kipande cha ndara.

Ampu ya akiba sijanunua. Niliazima Warwick Gnome shoo tatu, kitu hakifiki hata kilo moja na kinatoa wati 200 kwenye spika ya omu 4, kinaingia mfuko wa begi, wenzangu walidhani ni chaja. Kama unapiga baa ndogo au kumbi ambazo hazina mitambo, hiyo ndo ningenunua. Kwangu mimi ampu ikifa naenda DI moja kwa moja nasikia kupitia monita, na hela hiyo nikaiweka kwenye kitu cha kuchosha kukisimulia, stabilaiza, kwasababu umeme ukikatika ukumbini na jenereta ikaingia, zile sekunde za kwanza taa zinavyopanda na kushuka ndo zinaua vifaa.

Waya nakata na kuchomelea mwenyewe, mita sita sita, jeki nzuri kwa nje zinafanana kabisa na feki, tofauti utaijua ukifungua kofia uone risasi inavyoshika. Nabeba mitatu. Betri za volti 9 mbili, zimefungwa plasta kwenye mdomo zisigusane, na mita ya fundi redio ya elfu kumi. Mpya inanisomea tisa na ushee, ikifika nane naitoa hata kama bado inalia, inaenda kumalizia maisha kwenye saa ya ukutani ya studio (saa haitumii volti 9, natania, inaenda kwenye tyuna ya kijana wetu wa rizimu). Kuna duka moja nilinunua betri kumi kwa mpigo kwa bei ya kutupa, zikawa zinakufa ndani ya wiki mbili bila hata kutumika, tangu hapo nanunua mbilimbili na nazipima palepale kaunta, muuzaji anune asinune.

Na jeki ikitoka mkononi mwangu inatoka kwenye besi. Mke wangu ameshazoea, nikirudi usiku swali la kwanza ni, "Umechomoa?"

Uamuzi wangu kuhusu SR305E yenyewe: kwa anayehama kutoka nyuzi nne, mkono wa kawaida, anapiga vidole, kazi zake ni kanisa na harusi, kwa bei hii sijaona ya kuniambia niachane nayo. Mpenda slapu aangalie pengine. Anayetaka besi ambayo hataifikiria betri, aangalie pengine pia. Ninachojutia ni kuchelewa, na ule ubeti wa sendoff ambao upo kwenye video ya watu mpaka leo.

Mpiga kinanda siku hizi tukifika kwenye E flati anatoa mkono wa kushoto anashika glasi ya maji.

Sasa nina swali, mwenye kujua anisaidie. Uzi wa B wa 130 ukiwa peke yake, sio seti, kuna mtu anauza hapa Dar? Joto na jasho la humu mjini vinaua B kabla ya wenzake, nyuzi nne bado zinalia vizuri na mimi nanunua seti nzima kwa ajili ya mmoja, nina G tatu mpya ndani ya droo hazina kazi. Tukikutana nakupa G mbili bure.